Kofia ya Baba Msituni

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na heri niliseme hilo mapema kwa sababu habari yote hii inaanzia hapo. Mwaka jana nilimgombeza mzee wa watu msibani. Alikuwa amefariki jirani yetu wa zamani kule Mlandege, Iringa, mtaa niliokulia, nami nilikuwa nimefika kutoka Mbeya asubuhi hiyo hiyo. Nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, nikawasikia wazee waliokaa kwenye mabenchi wakiongelea kazi za zamani. Mmoja akamtaja baba yangu, kwamba alikuwa mpasua mbao wa msituni, tena fundi wa juu. Mzee mwingine, aliyekuja kutoka upande wa Kilolo, akatikisa kichwa.

"Yule? Yule sikuwahi kumwona juu ya gogo hata siku moja," alisema, akainua kidole.

Sikusubiri kidole kile kishuke. Nilisimama na khanga yangu ikiburuza, nikamwambia kama hamjui baba yangu akae kimya, kwamba mimi nimesomeshwa kwa jasho la mtu wa juu, na kwamba uzee hauwi leseni ya kusema uongo. Shangazi alinivuta mkono hadi nikakaa. Baba hakuwepo, alikuwa kliniki ya macho. Mzee wa Kilolo alifunga mdomo, akanywa chai yake, na hakuongea tena mpaka tulipotawanyika.

Kwa ambaye hajui kazi hiyo, nieleze. Kabla mashine hazijawa nyingi huku kwetu, mbao zilipasuliwa kwa mikono. Lilichimbwa shimo refu kupita kimo cha mtu, gogo likaviringishwa na kulazwa juu yake kwenye miti ya kukingama. Msumeno ulikuwa mrefu, una mshikio kila upande. Mtu mmoja alisimama juu ya gogo, mwingine aliingia shimoni. Wa juu ndiye aliyepiga mstari kwa uzi uliochovywa kwenye weusi wa betri kuukuu, ndiye aliyeongea na wenye duka la mbao, ndiye aliyeitwa fundi. Wa chini aliitwa wa chini, basi.

Mimi nilikua nikijua baba yangu alikuwa juu. Nililisema shuleni nikiwa mdogo. Nililisema chuo cha ualimu. Siku ya sendofu yangu, sherehe ya kuniaga kabla ya harusi, nilimwandikia mshereheshaji kwenye karatasi, naye akatangaza kwa kipaza sauti, "Binti wa fundi wa juu wa misitu ya Iringa!" Ukumbi ukapiga vigelegele. Nakumbuka baba alitabasamu akaangalia kitambaa cha meza. Nilisema moyoni, huyu mzee wangu ni mnyenyekevu mno. Ukimuuliza habari za msituni hakuwahi kusema "nilipasua". Alisema tu, "Tulikuwa wawili."

Basi Juni hii baba akanipigia simu. Ana presha ya macho. Jicho la kushoto limeshakwenda, la kulia linaona kidogo katikati, pembeni kote giza, na daktari amesema dawa inachelewesha tu. Aliongea kama anayeagiza sukari.

"Mwanangu, likizo imefika. Nipelekeni nikalione shimo langu kabla taa haijazimika."

Msitu wake siku hizi ni hifadhi. Watu huingia kwa utaratibu, na mwongozaji, kutazama wanyama na ndege. Nilikubali papo hapo, na siwezi kudanganya kwamba nilikubali kwa ajili yake tu. Tuna kundi la WhatsApp la watu wa mtaa wetu wa zamani, na ukoo wa yule mzee wa Kilolo umo pia. Nilitaka picha moja: baba yangu amesimama juu, ukingoni mwa shimo lake, mahali pa fundi. Niitume humo bila kuandika neno. Kila mtu angeelewa.

Tulitoka Ilomba, Mbeya, alfajiri, mimi, mume wangu na binti yetu wa kidato cha tano. Mume wangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu, fundi magari, na gari letu la Noah analisikiliza linavyopumua kuliko anavyonisikiliza mimi. Alikuwa amepakia mchele wa Kyela na mikungu miwili ya ndizi kwa ajili ya mkwewe, mpaka binti akawa amekaa na mkungu mmoja mapajani. Makambako tulikunywa chai kwa baridi ile inayoingia kwenye mifupa, na mchana tukawa Mlandege.

"Kamwene, baba," mume wangu alimwamkia kwa Kihehe chake cha kuokoteza.

"Ugonile," baba akamjibu kwa Kinyakyusa, na wote wawili wakacheka. Huo ndio mchezo wao kwa miaka yote, kila mmoja kuivamia lugha ya mwenzake.

Asubuhi iliyofuata baba alitoka chumbani ameshavaa. Viatu vya mpira, koti la zamani, fimbo mkononi, na kichwani ile kofia yake ya turubai, pana, ukingo umelegea pande zote. Kofia hiyo naifahamu tangu nina akili. Ilikuwa inaning'inia msumarini nyuma ya mlango, mama haruhusiwi kuifua, sisi haturuhusiwi kuichezea. Nje kulikuwa na ukungu, jua halionekani hata kwa kuomba.

"Baba, kofia ya jua ya nini leo? Tunaenda msituni, tena na ukungu huu," nilimwambia. Kwenye gari nikamwambia tena aivue, inamziba binti asione mbele. Aliivua akaiweka magotini, akaishika kwa mikono miwili mpaka tulipofika.

Tuliteremka Ipogolo, tukashika njia ya Kilolo. Barabara ilipanda na kushuka kwenye mashamba ya mahindi yaliyovunwa na miti ya kupandwa iliyosimama kwa mistari. Baba aliuliza tumefika wapi kila baada ya kona chache, na kila alipotajiwa alijibu, "Hapa tulikuwa tunapita kwa miguu." Mara ya nne binti yangu akamuuliza kama kuna mahali ambapo hawakuwa wanapita kwa miguu. Baba akafikiri vizuri kabisa. "Kanisani," akasema. "Kanisani tulikuwa tunakaa."

Getini alitupokea mhifadhi, dada mdogo aliyevaa sare ya kijani na viatu vizito. Tulijiandikisha. Kisha akaona kitu kimechungulia chini ya koti la baba.

"Babu, shikamoo. Panga haliingii."

"Marahaba, mwanangu. Msitu huu niliingia na panga kabla mama yako hajazaliwa."

"Najua, babu. Lakini siku hizi haliingii."

Nilianza kupandisha pumzi ili nimweleze huyu dada anaongea na nani, lakini baba alikuwa ameshalichomoa na kumkabidhi. "Lilaze vizuri basi," alisema, "nalo limechoka."

Tukaingia. Sijui nieleze vipi msitu ule kwa mtu aliyezoea mikaratusi ya Mbeya. Kulikuwa na giza la kijani na maji yanadondoka ingawa mvua hakuna. Baba aliweka mkono begani kwa mjukuu wake, akavaa kofia, akaanza kutembea kwa uhakika ambao sijauona kwake tangu macho yaanze kumtesa. Mjini anapapasa kuta. Pale aliinua miguu kwenye mizizi kabla binti hajamwambia kuna mzizi.

Mhifadhi alikuwa hodari. Alituonyesha kinyesi cha swala wadogo wa msituni, kama punje za maharage meusi, na alama za kucha kwenye gome. Mara baba akasimama.

"Hondohondo," alisema. "Wawili. Wanatoka kulia."

Sisi hatukusikia kitu. Mhifadhi naye aligeuka kumtazama. Ndipo ukaja ule mvumo mzito wa mabawa, na ndege wawili wakubwa wenye midomo ya ajabu wakapita juu ya miti, kutoka kulia.

"Babu umewasikiaje?" mhifadhi aliuliza.

"Wakipita hawa jioni, tulikuwa tunaweka msumeno chini. Saa ya mkononi hatukuwa nayo."

Mbega tuliwaona baadaye kidogo, familia nzima juu ya mti mmoja, weusi wenye mabega meupe, wametulia wanakula majani kama watu walio kwenye sherehe isiyo na haraka. Binti yangu alimsimulia babu yake mmoja mmoja: yule mkubwa anatutazama, yule ana mtoto mweupe kifuani, yule ameruka. Baba alikuwa anaitikia, "Enhe. Enhe." Mume wangu aliyerudi nyuma ili apate picha nzuri alikanyaga njia ya siafu, na kwa muda fulani mbega ndio waliotutazama sisi, maana mwanaume mzima alikuwa anacheza ngoma peke yake na suruali iko magotini. Baba alicheka mpaka akashika mti.

Tulipokaribia mto, mhifadhi akatuonyesha mashimo mawili kando ya njia, yamejaa majani. "Haya yaliachwa na waharibifu wa msitu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyelikariri somo.

Ile hasira yangu ikanipanda. "Dada, baba yangu alikuwa na kibali. Si mharibifu."

"Mwache," baba alisema. "Kibali kilikuwepo. Na miti tuliikata, mikubwa, ile ya podo, watu watatu hawaizungushii mikono. Yote ni kweli. Yeye anailinda iliyobaki, anafanya vizuri." Kisha akamgeukia mhifadhi upande ambao sauti yake ilitoka. "Shimo langu haliko hapa. Liko maji yanapobadilisha sauti."

Tulifuata mto. Baba alitangulia sasa, mjukuu wake akawa kama ndiye anayeongozwa. Mahali fulani maji yalipinda kwenye mawe na kweli sauti yake ikawa nzito zaidi. Baba akainama, akapapasa kwenye nyasi, akapata jiwe lililolala. Akapitisha kidole juu yake, kisha akauchukua mkono wa binti yangu akaupitisha hapo hapo. Lilikuwa na mfereji laini.

"Tulikuwa tunanolea visu na mapanga hapa," alisema. "Shimo liko nyuma yangu, hatua kumi."

Lilikuwepo. Lilikuwa limefukiwa nusu, likimfika mtu kifuani, kingo zimeota magugu. Nilisahau hata adabu. Nilitoa simu, nikachagua mahali palipoinuka, ukingoni, penye mwanga.

"Baba, njoo usimame hapa. Hapa juu, ndipo pazuri. Angalia huku."

Baba alinyoosha mkono, akaushika wa kwangu, nikadhani anapanda. Alikuwa anautumia kujishikilia. Alikaa ukingoni, akageuka taratibu, akateremka shimoni.

"Baba, siyo huko!"

 Alisogea hatua mbili, akapanga miguu, wa kushoto mbele, wa kulia nyuma. Akaushusha ukingo wa kofia kwenye paji la uso. Kisha akainua uso kututazama, akafumba macho, na mikono yote miwili ikapanda juu na kushika kitu ambacho hakikuwepo. Akavuta chini. Mikono ikapanda tena yenyewe. Akavuta. Mabega yake, ambayo siku hizi yamelegea kwenye koti, yalikaza.

Nimefundisha darasa la saba miaka mingi, na najua mtoto anayekisia jibu na mtoto anayelijua. Mwili ule haukukisia. Nilitazama ile kofia pana, ya mtu anayefanya kazi mahali ambapo jua halifiki, nikaelewa ilikuwa inazuia nini. Unga wa mbao. Unamwagika usoni siku nzima, kwa mtu aliye chini.

"Baba," nilisema, na sauti yangu sikuipenda. "Wa chini alikuwa nani?"

Akafumbua macho. "Mimi."

"Siku zote?"

"Siku zote. Mwenzangu alikuwa na jicho la mstari. Mimi nilikuwa na mabega."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

Baba aliegemea ukingo wa shimo. "Nikuambie vipi? Wewe ndiye uliyesema niko juu. Ulikuwa darasa la pili. Mwalimu aliwauliza kazi za baba zenu, ukarudi nyumbani unarukaruka, umewaambia wenzako baba yako anasimama juu ya mti mkubwa. Mama yako akanitazama. Mimi nikasema, aa, mwacheni afurahi, akikua nitamweleza. Ukakua, ukawa unalisema kwa sauti kubwa zaidi."

Mume wangu alikohoa, akaenda kutazama mto. Mimi nilikaa chini kwenye majani mabichi na sketi yangu nzuri. Nilikuwa na aibu, tena aibu ya moto. Nilimwona mzee wa Kilolo na kikombe chake cha chai. Nilijiona mimi, mwalimu mzima, nimesimama msibani natetea jambo nililolitunga mwenyewe nikiwa na miaka minane. Kwa ile miaka yote nilikuwa nimemvalisha baba yangu nguo ya mtu mwingine, naye akaivaa asije akaniumiza.

Ni binti yangu aliyetuokoa. Alichukua fimbo ya babu yake, akasimama ukingoni, akaiteremsha wima shimoni. "Babu shika huko. Nionyeshe."

Baba aliishika ncha ya chini. "Wewe ndiye fundi. Kazi yako uangalie mstari na uupandishe msumeno. Usisukume. Meno yanakata yakishuka tu." Kisha akavuta, mara moja. Binti yangu alipiga kelele, akajikuta yuko magotini, nusura amfuate babu yake shimoni.

"Umeona?" baba alimuuliza. "Nani anakata?"

"Wewe!"

"Basi ndivyo ilivyokuwa."

Mhifadhi akachuchumaa ukingoni na kuanza kuuliza maswali. Walikuwa wanapata mbao ngapi kwa siku? Macho walikuwa wanayasafishaje? Baba alimjibu kila kitu kutoka mle ndani, kama mwalimu. Kuhusu macho alisema waliyaosha kwa maji ya mto, na wakati mwingine unga ulikuwa unakaa humo siku mbili. Daktari alishatuambia ugonjwa wake hauhusiani na unga wa mbao. Huenda ni kweli. Lakini nilimtazama mzee yule, aliyekaa chini ya gogo miaka kumi na zaidi amefumba macho ili mimi nifumbuliwe yangu, na nikahisi kifua kinapanuka kwa fahari ambayo ile ya sendofu haifikii hata robo. Niliitaka fahari ile siku zote na sikujua inakaa shimoni.

Nilipiga picha. Niliipiga kutoka juu, mahali pa fundi, simu ikiangalia chini. Uso wa baba uko katikati, chini ya ukingo wa kofia, amefumba macho, anacheka.

Getini mtandao ukarudi. Baba alipewa panga lake, mume wangu akaenda kuwasha gari, mimi nikasimama kando nikatuma ile picha kwenye kundi la mtaa. Nilikuwa nimepanga kutoandika neno. Niliandika mengi: kwamba baba yangu alikuwa mtu wa chini tangu mwanzo hadi mwisho, kwamba mzee wa Kilolo alisema kweli mimi nikamvunjia heshima mbele za watu, na kwamba namwomba radhi hapo hapo mbele ya watu wale wale. Nikabonyeza kabla sijajihurumia.

Tulikuwa hatujaondoka, binti akiwa bado anaaga, jibu likaingia. Ilikuwa sauti, imetumwa kutoka simu ya mjukuu wa yule mzee. Nikaifungulia kwa sauti kubwa, baba naye asikie.

"Mwalimu, kamwene," ilisema sauti ile ya kizee, karibu mno na simu. "Mimi sina kinyongo. Siku ile hukuniacha nimalize. Nilitaka kusema hivi: sikumwona juu ya gogo, kwa sababu mwenzake wa juu hakukubali kumkosa kule chini. Mimi nilikuwa wa juu, nilizunguka misitu hii yote nikitafuta mtu wa chini kama yule. Sikumpata. Msalimie. Mwambie bado namdai mikono yake."

 Baba alisimama na mkono kwenye mlango wa gari, kichwa ameinamisha upande wa simu, hata baada ya sauti kwisha.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa polepole, akaniambia tuondoke, mvua inakuja. Kisha akaingia akakaa kiti cha mbele, kofia ikiwa kichwani, na hakuna aliyemwambia aivue.